Siku Niliyosugua Bafu la Karani

Mkinisikia nikisema sipendi bafu la mvua, lile la maji kumwagika kutoka juu, msidhani ni ushamba. Ni aibu niliyoipatia humo, pamoja na hasira, maana mpaka leo sioni kosa langu hasa lilikuwa lipi.

Zilikuwa siku zile baada ya uhuru, wazungu wanahama nyumba za serikali hapa Kakamega na makarani wetu wanaingia. Baba na mama walikuwa wamekufa, mimi mkubwa nimeacha shule, na wadogo zangu wametawanywa, Petro kwa mjomba Malava, Anjelina kwa shangazi Shinyalu. Ndipo Mama Risper, mke wa karani mmoja, akaniambia: "Rosa, safisha hilo bafu leo. Likitakata, chumba cha nyuma ni chako, uwalete wadogo zako." Nani angekataa?

Bafu lenyewe sasa! Mzungu aliyehama (yule yule aliyekuwa akipita sokoni ameziba pua kwa ajili yetu) alikuwa ameacha ukungu mweusi kutoka sakafuni mpaka kwenye bomba la juu, na uchafu wa sabuni umeganda kama ukoko kwenye sufuria. Nami nimepewa nini? Kitambaa na kipande cha sabuni! Nikasugua mpaka kucha zikauma, ukungu haujali. Basi nikaamua kufanya kama nyumbani: nikaleta majivu ya jikoni debe zima, nikachanganya na mchanga, nikavua gauni langu nikabaki na shumizi, nikashika gunzi la mahindi. Ukuta ukaanza kung'aa, nami nikaanza kuimba.

Nikafungua bomba nisuuze. Majivu yakateremka yote, yakaziba tundu la maji. Nikalifunga bomba, likazunguka, likazunguka, likabaki mkononi mwangu. Nikapiga ukelele.

Na siku hiyo ndiyo mama yake Mama Risper alikuwa amefika kutoka Shianda na wanawake wenzake, kuona nyumba ambayo mvua inanyesha ndani. Wote wakajazana kwenye ujia mwembamba mbele ya bafu. Bwana karani alikuwa chumbani, mlango wa pili. Sasa kwetu mnajua, mtu na mama mkwe wake hawabanani mahali kama hapo, tena mlangoni pa bafu lake! Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, kurudi hawezi, wenzake wamemziba nyuma.

"Bwana, maji!" nikalia.

"Nasikia," akajibu nyuma ya mlango. "Mama yupo hapo?"

"Yupo!"

"Basi sitoki. Kafunge koki ya nje, nyuma ya jikoni!"

Hebu fikirini! Maji yamefika vifundoni, yanaelekea kwenye viti vya sebuleni, na watu wanaheshimiana! Kina Mama Risper walihamia juzi tu, yeye koki hata haijui.

Nikatoka mbio katikati yao na shumizi iliyolowa, mweupe kwa majivu kichwa mpaka miguu, nikakatiza sebule, nikatokea uani mbele ya majirani wanaoanika nguo.

"Pepo la mzungu!" mmoja akapiga yowe.

"Pepo gani huvaa shumizi?" mwenzake akamwuliza, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Niliporudi, koki nimeshaifunga, Mama Risper alikuwa ameshika gauni langu kwa vidole viwili. "Vaa uende. Umeniaibisha mbele ya mama yangu."

Hapo nikawaka. "Siendi! Ulisema bafu likitakata. Ingia uangalie."

"Mdomo huo, Rosa!"

"Ingia, Mama!"

Aliyeingia ni mama yake. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama, akakinusa. "Msichana amefanya kazi," akasema. "Wewe, mwanangu, maji yalipokuwa yakija ulikuwa umesimama ukifanya nini?"

Mama Risper akanikabidhi gauni. Kisha, kwa sauti ndogo: "Walete Jumamosi."

Nikawaleta. Lakini majirani waliniita Pepo miaka yote tuliyokaa pale, na Bwana, aliyejificha chumbani, hakuna aliyempa jina! Tangu siku ile, nikipewa kazi katika nyumba ya mtu, sigusi ufagio kabla sijauliza mambo mawili: maji yanafungiwa wapi, na kama kuna mkwe wa mtu ndani. Anayecheka na acheke.