Pete za Karatasi Kwenye Ua wa Hospitali

Enzi zetu Krismasi haikuletwa na duka. Ilikatwa kwa makasi. Shule ikishafungwa, madaftari ya mwaka mzima, yaliyojaa hesabu tulizokosea, yaligeuka mali. Tuliyakata vipande vyembamba, tukavifanya pete, pete ndani ya pete, mpaka mnyororo ukafika kutoka dirishani hadi mlangoni. Rangi tuliipata kwa bluu ya kufulia na majani ya mboga yaliyopondwa. Ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za sigara tuliiokota barabarani tangu Septemba, tukailaza katikati ya Biblia inyooke. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, na hapo ndipo vita vilipoanzia, kwa sababu unga huo ndio uliokuwa wa chapati, na chapati tuliziona Krismasi tu. Vijana wa leo wanaokula chapati Jumanne bila sababu yoyote hawawezi kunielewa.

Fundi mkuu alikuwa mama. Sisi watoto tulikuwa wa pete. Nyota zilikuwa zake. Alikunja karatasi mara nne, akakata kidogo hapa, kidogo pale, akaikunjua, na nyota ikatoka nzima na ncha zake nane. Hakuna aliyejua alivyofanya.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa mama hakuwepo. Tangu mvua za Oktoba alikuwa amelazwa hospitali ya misheni karibu na Nyeri mjini kwa ugonjwa wa kifua, na watoto hawakuruhusiwa wodini. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Naro Moru, akija mwisho wa mwezi. Nyumbani nilibaki na Cucu, mama yake baba, na dada yangu Wanjira, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Cucu alikuwa ameshatoa amri: mwaka huu hakuna kubandika karatasi, nyumba haina mwenyewe.

Zikapita siku mbili. Siku ya tatu Cucu alimkuta jikoni anakoroga sufuria.

"Unapika nini wewe?"

"Gundi, Cucu."

"Si nilisema hakuna kubandika?"

"Si ya hapa nyumbani. Ni ya mama."

Cucu alishusha mkono kiunoni. Kisha akavuta kigoda, akaichungulia ile sufuria. "Ati gundi! Hii ni maji. Ongeza unga."

Tulikata siku nne. Cucu naye alikata, kwa kisu cha kumenyea viazi, pete zake nene kama bangili. Nyota ndiyo iliyotushinda. Wanjira alikunja karatasi mara nne kama mama, lakini kila alipoikunjua vilianguka vipande. Mwishowe akapata moja, imepinda, mguu mmoja mrefu kuliko mingine. Akasema ndiyo hiyo.

Baba aliwasili, na siku iliyotangulia Krismasi tukateremka mjini kwa miguu sisi watatu. Wanjira alibeba mnyororo ndani ya kikapu cha kiondo kama anayebeba mayai. Mlangoni nesi alimruhusu baba na chupa yake ya uji. Sisi alituinulia mkono. "Watoto hawaingii. Na hizo karatasi pia haziingii, kuna wagonjwa."

Nililia. Wanjira hakulia. Alinishika mkono tukazunguka jengo hadi nyuma, kwenye ua wa kayaba, ile miti ya miiba mirefu ambayo watu wa kwetu huzungushia shamba, ukitazamana na madirisha ya wodi ya wanawake. Akaanza kutundika. Kila pete aliichomeka kwenye mwiba, nami nikamfuata. Damu ilitutoka vidoleni, tukaipangusa kwenye sketi.

Kwanza mwanamke mmoja alisimama dirishani. Halafu watatu. Mmoja akaita wengine, na wale walioweza kutembea wakaja wamejifunga mablanketi. Nilimtafuta mama kati yao nisimwone. Kulikuwa na mwanamke mwembamba pembeni, mashavu yameingia ndani, nikampita kwa macho mara mbili. Kisha yule mwembamba akaita.

"Wambui! Mmekula?"

Ilikuwa sauti ya mama. Wambui ndiye mimi. Wanjira akajibu, "Tumekula, mama!" Uongo mtupu.

Mama aliangalia ule ua wote, toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Baba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika chupa ya uji. Kisha mama akainua kidole. "Wanjira, hiyo nyota imeenda upande! Igeuze!"

Wodi nzima ilicheka. Wanjira akaigeuza, na ndipo nilipomwona akilia, amenipa mgongo ili mama asimwone.

Nesi alitokea kwenye kona. Tulijua tumekwisha. Alitazama ua, akatazama madirisha yaliyojaa watu, akasema, "Na wodi ya wanaume? Hao hawana Krismasi?" Tukaukata mnyororo katikati, yeye mwenyewe akishika upande mmoja.

Mwaka huo tulikula chapati moja moja, kwa sababu ya gundi, na hakuna aliyenung'unika. Mama alirudi nyumbani maharagwe yakiwa yametoa maua. Aliishi miaka mingi, akatukatia nyota nyingi, na mimi sikuwahi kujifunza.

Siku hizi wajukuu wangu huleta mapambo ya plastiki kutoka supamaketi, yanawaka na kuimba yenyewe. Ni mazuri, nisiwe mchoyo wa sifa. Nikiwaambia tulichemsha gundi, huuliza kwa huruma kama kulikuwa na njaa. Asubuhi ya Krismasi simu yangu hulia kuanzia saa kumi na mbili, salamu moja imetumwa kwa watu arobaini, malaika anapiga tarumbeta. Nawajibu wote, mmoja mmoja, kwa jina. Kisha naiweka simu kifudifudi mezani, nikae kidogo na mama na wale wengine ambao hawana namba.