Mtu wa Shule Sita

Merigeta wetu, yaani kiongozi wa waimbaji wa kanisa, alipofariki alituachia vitu viwili: kiti chake na shamba lake. Kiti hakuna aliyekililia. Shamba lilikuwa chini ya kanisa, udongo mweusi, na juu yake palisimama tefu, nafaka ya mkate wetu, aliyoipanda Enbakom, nyumba aliyoijenga Enbakom, na ndani ya nyumba mke na watoto wa Enbakom. Kasoro ilikuwa moja tu: ardhi ilikuwa ya merigeta, na Enbakom hakuwa merigeta. Alimshikia mzee nafasi wakati wote wa ugonjwa wake. Kwetu Gojam kumshikia mtu nafasi ni kazi yenye heshima nyingi na kesho haba.

Alisoma kama tulivyosoma sote: ngozi ya kondoo mabegani, akiomba chakula milangoni na kuchagua nyumba kwa kupima ukubwa wa mbwa. Elimu ya kanisa kwetu haikai mahali pamoja. Mashairi ya kene yana shule yake. Degua, kile kitabu kikubwa cha nyimbo za mwaka mzima, ina shule nyingine. Kucheza kwa bakora na njuga kuna shule nyingine, na kufasiri maandiko nyingine tena, na mwalimu wa hapa yuko radhi afe njaa kuliko kufundisha cha jirani yake. Mtu huweza kumaliza moja tu na mvi zikawa zimemwota.

Enbakom alizipitia sita. Kila alikofika alikuwa mwanafunzi hodari kwa miaka miwili. Wa tatu, sifa za mwalimu fulani wa bonde la pili zilianza kumnyima usingizi, na asubuhi moja nafasi yake ikakutwa tupu. Kwa hiyo alijua kutunga kene, kucheza, kufasiri nusu ya Zaburi, na kuimba degua ya nyumba mbili tofauti. Wakulima walimwona bahari. Sisi waimbaji, ambao wivu ni sehemu ya mafunzo yetu, tulikuwa tukisema: "Huyu amebisha hodi nyumba sita, hakuna hata moja aliyolala."

Ndipo akaja Werkneh. Alitoka Betlehemu, si ile ya Masihi, ni ile ya Gaynt, yenye shule ya degua, inayoogopwa zaidi. Alikaa huko miaka kumi na saba juu ya kitabu kimoja. Alichuna mbuzi mwenyewe, akatengeneza ngozi, akakinakili chote kwa mkono, kisha akakikariri chote. Ukimwuliza jua limefika wapi, alikutajia wimbo. Alikuja kudai kiti, na mkononi alikuwa na muhuri wa mwalimu wake.

Mkuu wa kanisa, Aleka Tibebu, alikuwa mmoja wa wale tunaowaita watu wa macho manne, waliomaliza vitabu vyote vinne vya ufasiri. Uzee ulikuwa umemwacha bila hata jicho moja linaloona, lakini cheo ni cheo.

"Sikukuu ya Mikaeli mtatumika wote wawili," alisema. "Baada ya misa nitasema yangu."

Mke wa Enbakom, Yeshimebet, alimkuta mumewe akisugua bakora yake kwa samli.

"Baba Fikirte, ukishindwa, tefu hii atavuna nani?"

"Aliyeipanda."

"Na mwakani?"

Enbakom aliendelea kusugua. Bakora ile haijawahi kung'aa vile, wala kabla wala baadaye.

Asubuhi ya Mikaeli tulijipanga kwenye duara la nje la kanisa, nguo nyeupe, ngoma katikati, wanafunzi wadogo pembeni, wanawake mlangoni. Werkneh aliongoza kwanza. Sijui niseme nini juu ya uimbaji wake. Hakukuwa na kitu cha kusema, na hiyo ndiyo sifa yenyewe: kila sauti ilikuwa mahali pake kama meno kinywani mwa kijana.

Kisha Enbakom. Sauti yake ilikuwa tamu kuliko ya mwenzake, nasi tukaanza kuyumba naye. Katikati ya mstari wa tatu bakora ya Werkneh ikagonga jiwe. Mara moja tu. Ngoma ikanyamaza.

"Ndugu yangu," Werkneh alisema kwa upole ambao ningeuogopa hata kwa adui, "umeingia kwa mlango wa Betlehemu. Sasa uko nyumba ya nani?"

Mpiga ngoma akanong'ona jina la nyumba nyingine ya degua, "Achabir."

"Amepitia dirishani," akadakia mwingine, na watu wakaficha vicheko ndani ya nguo zao.

Kwa wasioimba, ni hivi: maneno ni yaleyale, lakini kila nyumba ya degua ina mwendo wake, na kuanza na mmoja ukamalizia na mwingine ni kama kumwoa binti wa watu na kwenda kulala kwa jirani. Ila kilichotuumiza si kosa. Enbakom alikuwa akitutazama mmoja mmoja, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hakujua kuwa alivuka.

Misa ikafika mahali pa kene. Kene huwa mpya siku hiyohiyo. Haikusemwa jana, haitasemwa kesho. Zamu ilikuwa ya Werkneh. Akasogea mbele, akafungua kinywa, akakifunga.

Tukangoja. Enbakom alikuwa amesimama bega kwa bega naye, na sote tulijua kwamba ana kene mbili kichwani, kwa sababu hakuwahi kuja na moja. Desturi inaruhusu kumnong'oneza mwenzako mstari; wala si aibu, walimu huwapa wanafunzi kila sikukuu. Nilimwona Yeshimebet mlangoni ameshika ukingo wa shuka yake kwa meno. Enbakom aliangalia juu, penye picha ya malaika, kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

"Tunasubiri," alisema Aleka.

"Yeneta," Werkneh akamwita kwa jina la heshima la mwalimu, "hilo mimi sikulisoma."

Katika duara lile nimesikia uongo wa kila namna. Sentensi ile sikuwahi kuisikia.

Enbakom akatoa kene yake. Ilikuwa nzuri mno. Wazee wakapaza sauti kumsifu, "Na aseme! Na aseme!" na mlangoni Yeshimebet akaachia shuka.

Baada ya misa tuliketi uani na mkate na pombe ya tela, na hakuna aliyekunywa.

"Enbakom," Aleka alisema, "kene yako ilikuwa tamu. Iko wapi sasa?"

"Imekwisha, Yeneta. Ndiyo sheria yake."

"Na ingekuwa mbaya?"

"Ingekwisha vilevile."

"Na wimbo uliopinda?"

Enbakom akaanza kuumega mkate wake.

"Macho sina, masikio ninayo. Ulipovuka, watoto walivuka na wewe, hakuna hata mmoja aliyejikwaa. Wewe ndiye uliyewafundisha. Nao watafundisha. Mimi nitakuwa mifupa, na kanisa hili bado linapitia dirishani. Kiti ni cha Werkneh."

Yeshimebet hakungoja aruhusiwe kusema. "Na nyumba, Aleka? Malaika ataishi humo?"

"Werkneh hana mke, na kulima nako hakukusoma. Enbakom abaki na nyumba na nusu ya mavuno, mradi aketi chini mbele ya Werkneh, tangu ukurasa wa kwanza. Siku atakayoiacha shule, nyumba nayo itamwacha yeye."

"Na kene za Jumapili?" mpiga ngoma akauliza.

"Atatoa Enbakom. Huyu mwingine msimsumbue, ana kazi."

Basi mtu mwenye ndevu akaketi na watoto aliowapotosha mwenyewe, nao wakawa wanamsahihisha kwa furaha isiyo ya Kikristo. Mwaka wa kwanza alivumilia. Wa pili akaanza kuimba vizuri. Wa tatu zikaja habari za mwalimu wa hesabu za kalenda, ng'ambo ya mto Abay, ajabu ya watu, anayejua Pasaka za miaka mia ijayo.

Asubuhi moja tulimwona anapanda kilima na ngozi yake ya kondoo begani. Yeshimebet alikuwa mlangoni anapepeta tefu. Hakuita. Werkneh alianzisha mstari, akafika mahali Enbakom anapotakiwa kupokea, akanyamaza. Mtoto mmoja akataka kupokea; Werkneh akamwinulia kidole. Tukakaa hivyo, jua likipanda, na kilimani ile ngozi ikisimama, ikienda, ikisimama tena, mpaka ikapotea nyuma ya mawe.

Yeshimebet akaingia ndani, akaanza kushusha vyungu.

Jua lilikuwa utosini Enbakom alipotokea njia ya chini, vumbi hadi magotini.

"Nilikwenda kumtafuta ng'ombe," alisema.

Hakuwa na ng'ombe.

"Umempata?" aliuliza Werkneh.

"Bado."

"Basi keti. Mstari uleule, tangu mwanzo."