Bibi Aliyeniamkia

Zabibu zangu za Hombolo ni tamu, na sioni haya kulisema. Mwaka ule mizabibu ilizaa baada ya misimu miwili ya ugonjwa wa majani, na binti yangu, ambaye ndiye anayetuuzia mtandaoni, akapata mteja wa mzigo wote. Akaunti ya mteja haikuwa na jina wala sura, ua la waridi tu. Alijieleza kuwa ni bibi wa Chamwino mwenye vitukuu, anaandaa harusi.

Kreti zote zilikuwa zimeshapakiwa kwenye kirikuu ujumbe ulipoingia: umepokea pesa, muamala umethibitishwa. Dereva akawasha gari. Binti yangu akapiga vigelegele.

"Zima gari," nikasema. Ujumbe si pesa, na zabibu zikishaondoka hazirudi. Msimu mzima ungekwenda na maji. "Wewe angalia salio. Mimi nampigia huyo bibi nimpe hongera."

Hongera yenyewe ilikuwa ya kweli. Kwetu harusi haipongezwi kwa kuandikiana.

Simu iliita mpaka nikakaribia kukata. Ilipopokelewa nikasema haloo kwa sauti yangu hii ya mtu mzima. Ikatoka sauti nyembamba ya kulazimisha.

"Haloo, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia, maana salamu haikataliwi. "Bibi yuko wapi?"

"Bibi ndiye... ndiye mimi."

"Kumbe! Basi mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo, bibi."

Haki ya Mungu, hakuweza kuitikia. Adabu haikumruhusu. "Samahani mama," akasema kwa sauti yake halisi ya kijana, akakata.

Binti yangu akanionyesha simu yake. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi, na ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi. Tulicheka hadi dereva akashuka kuuliza kulikoni. Mzigo tukaupeleka sokoni mjini, ukaisha wote.

Tuliporudi nilimwambia binti yangu abadilishe akaunti yetu. Nayo ilikuwa na picha ya kichala cha zabibu tu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekataa kupigwa picha, eti mkulima ana sura gani ya kuonyesha watu. Nikasimama kati ya mizabibu na kilemba changu chenye vumbi.

"Hutabasamu, mama? Na niandike nini?"

"Piga hivi hivi. Andika jina langu lote, kisha uandike: mwenye shamba."