Chakula cha Baba Ndani ya Mkoba wa Levi

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Edinah Nelima alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana karibu na Bungoma, na katika muda huo wote sufuria haikumrudia na chakula. Wasichana mia sita walipanga foleni mbele ya upawa wake. Maharagwe yakiwa na mawe, walikula. Yakikosa mawe, walikula na kushukuru. Alipostaafu na kurejea Kamukuywa, alipewa blanketi mbili na hotuba ndefu, akaondoka akiamini kwamba kuhusu tumbo la mtoto hakuna somo lililombakia.

Kisha akaitwa Kitale.

Mkaza mwanawe, Chepkirui, ambaye ni muuguzi, alikuwa na mafunzo ya majuma matatu mjini Bungoma. Hillary, mwana wa Mama Edinah na afisa wa kilimo, hakuweza kuchemsha yai bila kumpigia mtu simu. Basi mama mzee akaja kuwatunza wajukuu wawili, Levi wa gredi ya nne na Peris wa gredi ya kwanza, na kuwafungia chakula cha mchana cha kubeba shuleni.

"Wawili tu?" aliuliza, akacheka.

Jioni ya siku ya kwanza mikebe ilirudi mizito vile vile ilivyokwenda.

"Kukhu," alisema Levi, kwa maana ndivyo watoto wa Kibukusu wamwitavyo nyanya yao, "kulikuwa na majani."

"Hiyo ni sukuma, mjukuu wangu."

"Ni majani. Hata ng'ombe anakula."

Peris hakuwa na ugomvi na majani. Ugomvi wake ulikuwa wa mipaka. "Maharagwe iligusa mchele," alisema kwa sauti ya mtu aletaye habari za msiba.

Mama Edinah akapika chapati, zikarudi. Akapika viazi vitamu, vikarudi vimepoa na vimenuna. Kufikia juma la pili, mwanamke yule aliyelisha mia sita alikuwa akisimama jikoni alfajiri akikata kingo za mkate mweupe na kutoa kiini ndani ya yai, kwa kuwa hicho pekee ndicho Levi alichokubali kumeza, na nusu yake bado ilirudi.

Chepkirui akapiga simu. "Mama, nimechoka kubishana na huyo kijana. Fomu ya bweni iko kwa droo. Nikirudi nipate bado hali, muhula ujao anaenda. Huko hakuna kuchagua."

Bweni Mama Edinah alilijua kutoka upande wa jikoni. Aliwakumbuka wale wadogo waliosimama mwisho wa foleni, sahani kifuani. Walikula, ndiyo. Walikula wakilia.

"Nipe hizi siku zilizobaki, mama," alimwambia mkaza mwanawe, naye akahesabu kimoyomoyo: zilikuwa tisa.

Alhamisi ya juma hilo mambo yakaharibika. Tangu usichana wake, Mama Edinah hakubeba wala kutuma chakula kikiwa wazi. Chombo kilifungwa kwa kitambaa, ncha nne zikakutana juu kwa fundo, na kikishafungwa hakikufunguliwa mpaka kifike kwa mwenyewe. Kukichungulia njiani kulikuwa kukosa adabu. Asubuhi hiyo vifurushi vitatu vilikuwa mezani, cha Levi, cha Peris na cha Hillary, vyote kwa vitambaa vya rangi moja. Gari la shule likapiga honi. Akatia vifurushi mikobani kwa haraka, na adabu yake ikamzuia kuchungulia.

Saa saba mchana Hillary alifungua chake mbele ya wakulima wa mahindi kutoka Tongaren, aliokuwa nao mkutanoni. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mkate visivyo na kingo na yai jeupe lenye shimo.

"Afisa," mmoja aliuliza kwa huruma, "ni meno inakusumbua?"

Jioni akaingia nyumbani kwa kishindo. "Mama, watu wamenicheka mpaka mkutano ukaisha! Na kuku wangu ako wapi? Na imondo?"

Imondo ni firigisi, na firigisi katika nyumba ya Mbukusu ni ya baba. Hailiwi na mama wala mtoto. Baba asipokuwepo, humngoja. Mama Edinah akashika kifua na kuufungua mkoba wa Levi. Chombo cha Hillary kilikuwa humo, kitupu, kimekwanguliwa hadi chini. Ugali wa wimbi, sukuma, kuku, vyote vilikuwa vimekwenda.

"Levi! Umekula hata majani?"

"Si ilikuwa ya baba?" Levi alijibu, kidevu juu. "Nani anaweza tupa chakula ya baba? Darasa yote ilikuja kuangalia."

Usiku huo mama na mwana walizungumza.

"Hillary, mtoto ale kama wewe mpaka mama yake arudi. Chombo chako, chakula chako. Na imondo."

"Mama! Hiyo si nyama, ni kiti changu!"

"Unataka kiti, ama unataka mtoto?"

Hillary akamsogezea chombo chake. Alitaka mtoto.

Kwa hiyo Levi akawa anabeba cha baba, na Peris, ambaye hakukubali kaka yake apandishwe cheo peke yake, akadai chake kifungwe kama cha mama, mpaka maharagwe na wali vikaruhusiwa kugusana. Aliyeteseka ni Hillary. Kila jioni Levi alikagua chombo chake: "Baba, umebakisha majani?" Naye Hillary, aliyekuwa akimpa mlinzi wa ofisi sukuma yake kwa miaka sita, akalazimika kuila.

Jumamosi ya juma la tatu Chepkirui aliporudi, kuku akachinjwa. Alimtazama Levi akimaliza mboga, akamtazama tena, kisha akaitoa fomu ndani ya droo na kuichana vipande vinne. Mama Edinah akageukia jiko, akapangusa macho kwa leso, akalaumu moshi, ingawa jiko lilikuwa la gesi.

Ndipo Chepkirui alipoiona firigisi kwenye sahani ya Levi.

"Ngoja kwanza. Mtoto anakula imondo? Na mimi nimepikia hii nyumba miaka kumi sijawahi onja?"

Kiti cha Hillary kilikuwa kimeshavunjika. Mama Edinah akachukua kisu, akaigawa firigisi mafungu matano, moja kwa kila mtu, lake likiwa dogo kama punje ya hindi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Akatia mdomoni, akatafuna polepole, macho yamefumbwa, na wote wakangoja.

"Kumbe ni hii tu," alisema, "ndiyo mlikuwa mkitunyima?"