Picha ya Mheshimiwa Mikononi mwa Baba

Baba yangu alistaafu polisi akiwa sajini, na tangu hapo upande wetu wa Makindye haufanyiki msiba bila yeye. Ndiye anayetafuta mahema, ndiye anayegombana na wachimba kaburi, ndiye anayewanyamazisha walevi wakati wa sala, iwe ya kanisani au ya msikitini. Kwa hiyo mbunge wetu alipotaka mtu wa kumshikia picha siku ya mchujo wa chama, hakuzunguka sana. Alikuja kwetu moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanywa chai yangu na kumwita baba "Afande" kila baada ya maneno mawili.

Mchujo wetu hauna karatasi wala sanduku. Kila mgombea anaweka wakala wake uwanjani, wakala anashika picha, na wewe unakwenda kusimama nyuma ya picha unayoitaka huku majirani wote wakikukodolea macho. Msimamizi anapita akihesabu vichwa. Siri haipo. Anayetaka siri abaki nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na siku hiyohiyo ya chai Mheshimiwa alinipa kazi. Alikuwa na kijikaratasi cha Kiingereza kuhusu kazi zake bungeni, akataka nikiweke katika Kiswahili kwa ajili ya familia za askari wa kambi iliyo jirani nasi, wanaozungumza Kiswahili. Nilikubali, tena kwa furaha, kwa sababu miongoni mwa miswada aliyoipeleka ulikuwemo mmoja wa kuwalinda mafundi na wachuuzi wasifukuzwe ghafla kwenye viwanja wanavyokodi. Mume wangu ni fundi wa magari Kisenyi. Kiwanja cha gereji yao kilikuwa kimenunuliwa na mfanyabiashara mmoja mkubwa, naye alikuwa ameanza kukizungushia mabati mafundi wakiwa bado ndani. Muswada ule ulikuwa chakula chetu. Niliutafsiri kwa moyo wote, na chumvi kidogo nikatia.

Mheshimiwa alipokuja kuchukua kazi yake nilimuuliza, "Mheshimiwa, muswada huu umefika wapi?"

"Uko kwenye kamati, mwalimu."

"Tangu lini?"

Akacheka, akanipiga begani. "Mambo ya kamati, nnyabo, iachie kamati."

Sikupenda lile bega kupigwa, wala lile nnyabo, yaani 'bibi', lakini nilimkabidhi karatasi zake.

Wiki ileile fulana zenye sura yake zililetwa, na sukari, na vipaza sauti. Vililetwa na lori. Mume wangu alikuwa anarudi kazini, akaliona limeegeshwa mbele ya nyumba yetu, akasimama katikati ya njia.

"Hii lori naijua," alisema. "Hii ndiyo inaleta mabati ya kufungia sisi."

Nilimwambia labda limekodishwa tu. Akaenda kumuuliza dereva, na dereva, bila wasiwasi wowote, akasema bosi wake ndiye anayegharamia kampeni nzima. Hapo kichwa changu kikavurugika. Yule anayetaka kuwafukuza mafundi anamlipia kampeni yule aliyeandika muswada wa kuwazuia wasifukuzwe. Ama mfanyabiashara hajui anamsaidia nani, ama anajua vizuri sana, na ndiyo maana muswada umelala kwenye kamati. Au pengine ni urafiki tu wa wakubwa na mimi natafuta mchawi pasipo na uchawi. Niliwaza hivi, nikawaza vile, nikaunguza mboga.

Nikampelekea baba habari hiyo. Alikuwa anapiga pasi koti lake la sherehe.

"Mutu akisaidia wewe, unauliza pesa yake imetoka wapi?" alisema. "Pensheni yangu ililala. Yeye akasimama kule bunge, akasema. Ikatoka."

"Baba, wastaafu wote walilipwa mwezi ule. Hata wa wilaya nyingine."

"Kale, sawa. Basi alisema kwa wote."

Labda ni kweli. Alisema bungeni, hilo hata mimi nilikuwa nimelitafsiri. Kama pesa ilitoka kwa sababu yake, hakuna aliyeweza kuniambia.

Siku ya mchujo mume wangu alikataa kupanga mstari. Alikaa pembeni ya uwanja mikono kifuani. Mpinzani wa Mheshimiwa hakuwa na rekodi yoyote, alikuwa na muziki tu, na watu wake walikuwa wanacheza. Baba alisimama na koti lake, picha kifuani ameishika kwa mikono miwili, akanitazama. Hakuniita. Nilikasirika kwamba hakuniita, maana angeniita ningepata sababu ya kukataa. Nikaenda nikapanga mstari nyuma yake.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja mjane. Akageuka akaniuliza, "Huyu wa kwenye picha ni nani?"

"Mbunge, mama."

"Aa. Mimi nimekuja kwa Afande. Alizika mzee wangu vizuri."

Nilitaka kucheka. Kisha nikatazama nyuma, mstari umezunguka mpaka chooni, na nikaona ni walewale wa matanga yetu yote. Hata mafundi wa Kisenyi wanaoishi kwetu walikuwemo. Hakuna aliyekuwa anaitazama picha. Nikaingiwa na hofu, na sikujua nimwambie nani.

Mheshimiwa akashinda. Alifika na gari lake, akashika kipaza sauti, akawashukuru wananchi kwa kusoma rekodi yake. Gari lilipoondoka, fundi mmoja anayefanya kazi na mume wangu alimwendea baba.

"Afande, sisi tumesimama kwako. Sasa mambo ya gereji uko nayo, sindiyo?"

"Ndiyo," baba akajibu, kwa ile sauti yake ya kazini.

Nyumbani hakuvua koti. Aliniambia nimsomee tena kile kijikaratasi, pale penye muswada. Nikasoma.

"Soma hapo anasema imepita."

"Hasemi umepita, Baba. Anasema aliupeleka."

Mume wangu alikuwa mlangoni ananawa mikono. Baba alikaa, picha bado iko magotini.

"Basi wakifukuzwa," alisema, "hawataenda bunge. Watakuja hapa."

Akaniuliza hiyo kamati inakaa jengo gani, na kama mutu wa pensheni anaruhusiwa kuingia na kuuliza. Nilimwambia sijui. Akasema nimpigie pasi shati, ataenda Jumatatu.