Mkono Usio na Mwenyewe

Clotilde Garrigue alikuwa mshona kofia wa mtaa wa Batignolles, mwenye ulimi mkali na miguu mizito, na kwa miaka ishirini na ushei aliishi na Berthe Lussac nyumba moja, kitanda kimoja. Paris nzima ilijua, ikajitia haijui. Berthe alinunua picha za wachoraji vijana ambao hakuna aliyewataka. Clotilde aliwapikia vijana wenyewe supu ya vitunguu. Katika picha zote aliipenda moja tu: wao wawili dirishani, mkono wake begani kwa Berthe. Wenzake walikuwa na vyeti vya ndoa. Yeye alikuwa na picha ile.

"Ikiingia makumbusho," alikuwa akisema, "hata nikifa hawatanifuta."

"Nani akufute wewe, mnene hivyo?" Berthe alimjibu.

Hatimaye makumbusho yaliupokea mkusanyo wa Berthe, na chumba kikapewa jina lake. Siku ya vanishi, wachoraji wanapozipaka picha vanishi ya mwisho na marafiki huja kuchungulia kabla ya ufunguzi, Clotilde alivaa kofia mpya akaenda. Aliikuta picha imekuwa nyembamba: Berthe mzima, nusu dirisha, na mkono begani usio na mwenyewe. Alipitisha vidole nyuma ya fremu. Turubai iliyochorewa picha ilikuwa imekunjwa upande mmoja na kupigiliwa misumari.

"Sijaikata," Berthe alinong'ona. "Nimekukunja tu. Walisema ama hivyo, ama hawachukui hata moja. Upo, Kloti. Upo nyuma."

"Nyuma, naukodolea ukuta."

"Usinitie aibu hapa, tafadhali."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo Clotilde alikuwa ameivaa ujana wake wote. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamwaka. Kabla hajajibu, mke wa mkurugenzi wa makumbusho akawafikia, macho yakiwa kwenye picha.

"Na mkono huu ni wa nani, bibie?"

Clotilde alimtazama Berthe. Angesamehe yote, misumari na ukuta, kwa kutajwa jina mara moja tu.

"Wa mtumishi wangu," alisema Berthe.

Clotilde alivua glovu, akauweka mkono wake begani kwa Berthe, palepale pa kwenye picha, mpaka yule mama akautazama mkono wa pichani, kisha huu, akaelewa.

"Basi, bibi," alisema Clotilde, "mtumishi ameacha kazi."

Alishuka ngazi polepole, ametega sikio. Berthe hakumwita.