Jiwe la Baba Hadija

Leo nusura niandike "chupa" kwenye fomu ya jiwe la marehemu.

Mama Hadija kutoka Chiwata aliingia ofisini kwetu tunakopima madini, akafungua fundo la kanga, akaniwekea mezani kijiwe cha kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipimie hili. Mume wangu alilichimba enzi za ruksa, madalali wakamcheka."

Enzi zile biashara ilipofunguliwa nazikumbuka. Nilikuwa mdogo. Hapa Masasi kila baraza lilikuwa na mtu anayeosha mawe kwenye karai, na wanaume waliacha mikorosho wakashika sururu. Bado nausikia ule mlio wa mawe kwenye bati.

Basi nikalitazama mara moja tu, nikashika kalamu.

"Mbona hulizungushi? Marehemu alikuwa analizungusha juani."

(Jamani, mimi ndiye niliyesomea kazi hii.)

Nikaenda nalo dirishani, nikaligeuza. Kijani kikawa kahawia. Chupa ukiigeuza haibadiliki rangi.

Nikapima uzito, nikapima jinsi mwanga unavyopinda ndani yake. Ni kornerupini, kito adimu kabisa.

Nilipomwambia, alicheka taratibu.

"Kumbe mzee wa watu hakuwa mjinga."

Hauzi. Anataka cheti tu, na jina la mmiliki liwe la mumewe.

Fomu inataka mmiliki aliye hai.

Nimeandika la mumewe, nimepiga na muhuri. Mkuu wangu anarudi kesho kutoka Newala, na kila fomu lazima aikague.

Ninyi mngeandika la nani?